Sanduku la Fundi: Viraka vimegoma, ofisi inasubiri

Mwezi huu sanduku limejaa barua za namna moja: kompyuta za ofisi zinakataa viraka, yaani marekebisho ya Windows yanayoshuka kila mwezi. Zile zilizoandikwa "fundi, inagoma kuapdeti, nisaidie" nimeziweka pembeni mpaka wenyewe waniletee namba ya kosa. Najua ile namba ndefu inayoanza na 0x hamuipendi, lakini ndiyo inayoniambia nianzie kwenye diski, kwenye saa au kwenye seva. Hawa wafuatao waliiandika, ndiyo maana wanajibiwa. Mmoja hakuiandika, na kwake nimekubali kwa sababu kwa kweli haikuwepo.

Shikamoo fundi. Niko kitengo cha tehama kwenye SACCOS moja hapa Morogoro, peke yangu. Tuna kompyuta 34 na seva moja ya WSUS inayogawa viraka. Kompyuta 20 kati ya hizo zilinunuliwa pamoja. Fundi aliyezileta alitengeneza moja, akakopi diski yake kwenda nyingine zote. Kwenye orodha ya WSUS naona kompyuta 15 tu, na moja inabadilika jina: asubuhi ni KAUNTA-03, mchana ni MIKOPO-01. Halafu tangu mwezi uliopita karibu zote zinaleta kosa 0x80244022. Bosi anataka tupige Windows upya zote. Nifanyeje?

Marahaba, kijana wangu. Mwambie bosi asubiri kidogo. Una shida mbili zilizopandana, na hakuna hata moja inayotibiwa kwa kupiga Windows.

Nianze na 0x80244022 kwa kuwa ndiyo inayozisumbua karibu zote. Namba hiyo maana yake kompyuta ilibisha hodi kwa seva, na seva ikajibu 503, yaani huduma haipatikani kwa sasa. Zingatia kwamba seva ilijibu. Waya ni mzima, swichi ni nzima, jina la seva linapatikana. Kilicholala ni huduma iliyo ndani ya seva. Usiniamini kwa maneno tu: kaa kwenye kompyuta yoyote iliyogoma, fungua kivinjari, andika http://jina-la-seva:8530/ClientWebService/client.asmx. Ukurasa wa maelezo ukifunguka, seva iko macho. Ukiona 503, nenda kwenye seva yenyewe, fungua IIS Manager (IIS ndiyo programu inayobeba huduma za wavuti kwenye seva), ingia Application Pools, na utaikuta WsusPool imesimama.

Ukiiwasha itaamka, viraka vitaanza kushuka, utamwita bosi aje aone. Kisha italala tena. Sababu ni kwamba WsusPool imewekewa tangu kiwandani kikomo cha kumbukumbu cha kilobaiti 1,843,200, kama gigabaiti 1.8 hivi. Kila kompyuta inapouliza "kuna kipya?", seva hulazimika kupekua katalogi yote ya viraka. Katalogi ambayo haijasafishwa kwa miaka inavimba, upekuzi unakula kumbukumbu, kikomo kinavukwa, na IIS inaizima huduma. Kompyuta hazichoki kuuliza, kwa hiyo ukiiwasha zinaivamia zote kwa pamoja na kuiangusha palepale.

Ingia Advanced Settings za WsusPool. Private Memory Limit ipandishe: seva ikiwa na RAM ya gigabaiti 8 na haina kazi nyingine, weka 4,000,000. Wengine huweka 0, yaani pasiwe na kikomo. Mimi siipendi hiyo kwenye seva ndogo inayobeba pia mafaili ya mikopo. Queue Length ipandishe kutoka 1000 hadi 2000. Ukishapata nafasi ya kupumua, safisha: kataa viraka vyote vilivyokwisha kupitwa na vipya, halafu endesha Server Cleanup Wizard. Mara ya kwanza itachukua muda mrefu na huenda ikakatika katikati. Irudie tu. Baadaye angalia orodha ya bidhaa ulizotiki. Kama umetiki draiva, toa. Kama umetiki Windows ambazo ofisini hamna, toa. Lugha za viraka acha zile mnazotumia. Nimeshakuta WSUS ya ofisi ya watu wachache inayohifadhi viraka vya lugha ambazo jengo zima hakuna anayezisoma.

Sasa hiyo kompyuta inayobadilika jina. Hesabu yako yenyewe imeshajibu: 34 toa 20 unabaki na 14, ongeza moja unapata 15. Zile 20 zote WSUS inaziona kuwa kompyuta moja. Kila Windows inayohudumiwa na WSUS ina utambulisho wake unaoitwa SusClientId, unaokaa kwenye rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows, HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\WindowsUpdate. Fundi wenu alikopi diski bila kuipitisha kwanza kwenye Sysprep, zana ya Windows ya kufuta utambulisho kabla ya kukopi, kwa hiyo utambulisho ukaenda nao, nakala ishirini zinazofanana. Inayoripoti mwisho ndiyo inayoandikwa jina. Ndiyo maana ripoti yako inaweza kusema KAUNTA-03 imepata kiraka, kumbe aliyepata ni MIKOPO-01.

Kwenye kila moja ya zile 20, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika net stop wuauserv. Kwenye rejista futa SusClientId na SusClientIdValidation, hivyo viwili tu, usiguse jirani zake. Andika net start wuauserv, halafu wuauclt /resetauthorization /detectnow, kisha fungua ukurasa wa Windows Update ubonyeze kutafuta viraka vipya. Fanya kwanza kwenye tatu. Ukiona majina matatu mapya yamejitokeza kwenye orodha na yametulia, tengeneza skripti ndogo uzimalize zilizobaki.

Na mwambie bosi hivi: mngepiga Windows upya kwa kutumia nakala ileile ya fundi, mngerudisha utambulisho uleule kwenye kompyuta zote ishirini, na viraka vingegoma vilevile.

Jambo la kuweka kwenye bajeti yenu. Microsoft ilitangaza Septemba 2024 kwamba WSUS haitaendelezwa tena. Bado inafanya kazi na viraka bado vinapita humo, hivyo msikimbie leo. Ila mtu akija kuwauzia mradi mpya mkubwa unaotegemea WSUS, muulizeni ana mpango gani wa baadaye.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta, sekondari ya binafsi, Moshi. Maabara yetu ina kompyuta za mezani za mtumba. Kila umeme ukikatika, siku inayofuata baadhi yake zinaleta 0x80072f8f kwenye Windows Update. Intaneti ipo, maana nyingine zinapata viraka kwenye swichi hiyohiyo.

Mwalimu, tazama kona ya chini kulia ya skrini. Nadhani utakuta mwaka 2012, au wowote ule ubao wa mashine ulipotengenezwa. Betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao, CR2032, imekwisha. Umeme ukiwepo haionekani. Ukikatika, saa inarudi nyuma. Kompyuta inayoamini kwamba tuko 2012 ikipewa cheti cha usalama cha mwaka huu inakiona hakijaanza kutumika, inakata mazungumzo na seva, na wewe unaletewa 0x80072f8f. Tovuti nyingi za https nazo zitaleta onyo, na wanafunzi watakuambia kuna kirusi.

Wengi wanakwama kwa kudhani saa itajirekebisha yenyewe kwa intaneti. Windows isiyo ndani ya domeini (mtandao wa ofisi ambao kompyuta zake zinasimamiwa na seva kuu), kwa mpangilio wake wa kawaida, hukataa kusogeza saa kwa zaidi ya saa 15 kwa mara moja. Ukiandika w32tm /resync wakati saa imekosea miaka, itakuambia badiliko ni kubwa mno. Weka tarehe kwa mkono kwanza, halafu ndipo uandike amri hiyo. Kisha zima mashine, chomoa waya wa umeme, badili betri. Zinauzwa hata kwa mafundi saa. Badilisha zote kwa siku moja, hata zile ambazo bado hazijalalamika. Kama zilitoka kwenye kontena moja, zitafuatana.

Wenye domeini na nyinyi sikilizeni hapa: Kerberos, utaratibu wa domeini wa kuhakiki anayeingia, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu kati ya kompyuta na seva. Ikizidi hapo, kiraka kitakuwa shida ndogo, maana watu hata kuingia hawataingia.

Salaam aleikum fundi. Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, Mombasa. Printa ya leza imeunganishwa kwa USB kwenye kompyuta ya mapokezi yenye Windows 10, na sisi wengine tunachapisha kupitia hiyo. Baada ya mapokezi kupata viraka, kompyuta mbili za zamani za Windows 7 zinasema 0x0000011b, hazichapishi tena. Kijana mmoja alikitoa kiraka ikakubali, lakini baada ya siku chache kikarudi chenyewe. Karatasi za mizigo zinatungoja.

Waaleikum salaam. Huyo kijana kakuponzeni bila kujua. Kiraka alichokitoa kipo kwa sababu maalumu.

Mwaka 2021 mfumo wa kuchapisha wa Windows ulikutwa na mashimo kadhaa. Moja lake, CVE-2021-1678, lilizibwa kwa hatua mbili: Januari 2021 kompyuta zilifundishwa njia salama zaidi ya kuzungumza na mwenye printa, yaani kompyuta iliyounganishwa na printa, kisha viraka vya tarehe 14 Septemba 2021 vikamfanya mwenye printa amkatae yeyote asiyeijua njia hiyo. Mapokezi yenu sasa anaijua. Zile Windows 7 mbili haziijui, kwani msaada wa kawaida wa Windows 7 uliisha tarehe 14 Januari 2020, na viraka vya baada ya hapo walipewa waliolipia tu. Namba 0x0000011b ndiyo ishara ya kukataliwa huko.

Mitandaoni mtaelekezwa kuweka RpcAuthnLevelPrivacyEnabled kuwa 0 kwenye kompyuta ya mapokezi. Itafanya kazi, nami sikuficheni. Lakini mtakuwa mmelifungua tena shimo, na kwenye mashine inayoguswa na kila mgeni anayeleta flashi yenye nyaraka. Kama meli iko bandarini na karatasi lazima zitoke leo, fanyeni, kisha mrudishe 1 kabla ya kufunga ofisi.

Dawa ya kudumu ni kumtoa mapokezi katikati. Geuzeni printa mwangalie nyuma yake: printa nyingi za leza za ofisini zina tundu la waya wa mtandao ambalo halijawahi kuguswa tangu zitoke boksini. Chomekeni waya hadi kwenye swichi. Kwenye ruta itengeeni printa anwani isiyobadilika, kisha kwenye kila kompyuta, Windows 7 nazo zikiwemo, iongezeni printa kwa anwani hiyo ya TCP/IP, mlango 9100. Kila mtu atazungumza na printa moja kwa moja. Kosa litaondoka, kiraka kitabaki, na mapokezi akizima kompyuta yake kwenda kula, nyinyi mtaendelea kuchapisha. Hizo Windows 7, kama mnazishikilia kwa sababu ya programu fulani ya zamani, zikatieni intaneti kwenye ruta. Kuchapisha hakuhitaji intaneti.

Fundi, ofisi yetu iko Unguja, kompyuta tisa, zote Windows 10. Sisi hatupati kosa lolote. Tukitafuta viraka inasema tuko sawa. Lakini nikitazama historia, kiraka cha mwisho cha mwezi ni cha Oktoba 2025. Mbona?

Huyu ndiye niliyemkubalia bila namba. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yako haijaharibika, ni kwamba viraka vya kila mwezi kwake havitolewi tena bure kwa ofisi. Kuna mpango wa kulipia nyongeza, ESU, ambao kwa taasisi bei yake ilitangazwa dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, na inapanda maradufu kila mwaka, mwisho miaka mitatu. Kwa kompyuta tisa mwaka wa kwanza ni dola 549. Kabla ya kulipa, kagua kila moja kama ina TPM 2.0, chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc. Nyingi huwa nayo ila imezimwa kwenye BIOS. Zenye TPM na prosesa inayokubalika zihamishieni Windows 11, hela ya ESU iende kwa zile zisizoweza tu.

Tuko Kampala, 0x80070643, kiraka KB5034441, kila siku kinajaribu na kushindwa.

Hicho ni cha Januari 2024, kinatengeneza sehemu ya uokoaji ya Windows, na kinataka nafasi huru ya megabaiti 250 kwenye kizigeu chake, yaani kipande chake cha diski. Kompyuta nyingi kizigeu hicho ni kidogo. Hapo diski C inaweza kuwa tupu kabisa na bado kikashindwa, msihangaike kufuta picha za harusi. Microsoft wametoa maelekezo ya kukipanua kizigeu kwa mkono. Chukueni nakala ya data kwanza, kwa sababu mnapunguza C. Viraka vingine vya kila mwezi vinaingia bila kukisubiri hiki.

Fundi, niko Dodoma, shirika dogo, kompyuta 18, intaneti ni ya bando. Kila Jumatano ya katikati ya mwezi mtandao unakufa, bando linakwisha kabla ya saa nane mchana, na nusu ya kompyuta zinaleta 0x80072ee2. Mkurugenzi ameamuru nizime Windows Update kwenye zote moja kwa moja. Nizime?

Usizime, ila mkurugenzi ana haki ya kukasirika na bando lake.

Jumatano yako ina maelezo. Microsoft hutoa viraka Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 4 asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu ni saa 2 usiku, au saa 3 usiku wakati wao wamerudisha saa nyuma. Ofisi yako inakuwa imefungwa. Jumatano watu wanawasha kompyuta, zote 18 zinakimbilia kitu kilekile mara 18, na kiraka cha mwezi ni mamia ya megabaiti, kwa Windows 11 mara nyingi huvuka gigabaiti. Njia inaziba. Hiyo 0x80072ee2 ni kompyuta inayosema nimesubiri jibu mpaka nimechoka. Hakuna kilichoharibika kwenye kompyuta hata moja.

Nataka ishuke mara moja, nyingine zigawane ndani. Kwenye Windows Update kuna Delivery Optimization. Ruhusu kupakua kutoka kompyuta nyingine, ila chagua zile za mtandao wenu wa ndani tu, usichague za intaneti, la sivyo bando lenu litawagawia watu msiowajua. Kompyuta huzungumza kwa mlango 7680, hivyo ukinga-moto wa antivairasi uuruhusu. Kama wengi wanatumia waifai, angalia kwenye ruta kama imewashwa ile hali ya kutenganisha vifaa. Ikiwa imewashwa, kompyuta hazionani na hazitagawana kitu. Siku ya Jumatano washa moja asubuhi na mapema, iache imalize, kisha ndipo nyingine ziwashwe. Kama bado ni nzito, pakua faili la .msu kwenye Microsoft Update Catalog usiku, liweke kwenye flashi, pita nayo. Kiraka cha mwezi hubeba na vya miezi iliyotangulia, kwa hiyo huna haja ya kupakua ulivyovikosa kimoja kimoja.

Mkurugenzi akishikilia kuzima, mpe tarehe mbili. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka MS17-010. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo WannaCry, programu ya wahalifu wanaodai fidia, ikapita kwenye shimo hilohilo, ikafunga mafaili ya watu duniani kote, hospitali za Uingereza zikiwemo. Kiraka kilikuwa nje kwa karibu miezi miwili. Waliozima au waliochelewa ndio walioshikwa.

Na wewe usiende upande wa pili ukamwambia viraka havina madhara kamwe. Atakukumbusha 19 Julai 2024, faili moja bovu la CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows zinazokadiriwa kufika milioni 8.5. Lile lilikuwa faili la programu ya ulinzi na halikutoka Windows Update, lakini jibu ni lilelile: usizipe zote kwa siku moja. Chagua tatu za kutangulia. Isiwe yako peke yako, kwa sababu wewe huchapishi hundi. Weka ya mtu wa mishahara asiye na haraka wiki hiyo, ya mwenye skana, na moja ya zamani kuliko zote. Nyingine zicheleweshe siku tano hadi saba kwa sera. Windows inaruhusu kuchelewesha viraka vya kila mwezi hadi siku 30. Kama diski zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, hakikisha funguo za uokoaji zimeandikwa mahali nje ya kompyuta hizo. Mwaka 2024 kuna watu waliijua dawa, wakakwama kwa kukosa funguo.

Kuhusu kalenda, bahati iko upande wako. Jumanne ya pili huangukia kati ya tarehe 8 na 14. Kwa Tanzania PAYE inakuwa imeshalipwa, mwisho wake tarehe 7, na ritani za VAT ni tarehe 20. Zile tatu za mbele zipate kiraka Jumatano hiyohiyo, zilizobaki zipate katikati ya wiki inayofuata. Ila kwenye miezi ambayo katikati ya wiki hiyo inagusa au inakaribia tarehe 20, mwache mhasibu awe wa mwisho kabisa, baada ya tarehe 20. Ndugu zetu wa Kenya, PAYE yenu ni tarehe 9, kwa hiyo mwezi wenye Jumanne ya pili tarehe 8, msiguse kompyuta ya mishahara mpaka Alhamisi.